Vipeto Alivyomwaga Dorika

Dorika Melkizedeki alikuwa na mdomo, na jambo hilo alilikubali mwenyewe kabla hujamaliza kumwambia. Mganga akisema kipimo hakina vimelea vya malaria na Dorika akasema vipo, mganga alivaa miwani akarudi kuchungulia kwenye hadubini, na mara tisa kati ya kumi aliondoka kimya. Ile mara ya kumi Dorika alisema kimelea kilikuwepo, ila kimehama. Watu wa hospitali walimcheka, lakini mtoto wao akichemka homa swali lao la kwanza lilikuwa kama Mama Dorika yupo kazini.

Alizaliwa Iguguno na kuolewa Misigiri, kwa Mathayo. Mwaka wa sabini na mbili alikwenda kusomea kazi ya maabara, akarudi na cheti na koti jeupe, akapangiwa kituo cha afya cha serikali. Hapo alikaa miaka ipatayo ishirini akitazama damu, mkojo na makohozi ya watu wa wilaya nzima, hadi ikafika mahali akikutana na mtu sokoni anakumbuka minyoo yake kabla ya kukumbuka jina lake. Kisha, mwaka wa tisini na nne, ikaja barua ya kupunguzwa. Siku hizo neno hilo lilikuwa kwenye kila kinywa: serikali inapunguza, ushirika unapunguza, viwanda vinapunguza. Wenzake wawili waliopata barua kama yake walilia mbele za watu. Dorika aliikunja yake mara nne, akaitia mkobani, akaenda nyumbani akalala kutwa nzima. Kesho yake alidandia lori la alizeti mpaka hospitali ya misheni, akamwona daktari mkuu.

"Mtu wenu wa maabara anasoma damu kama anasoma gazeti la mwaka jana," alimwambia. "Nipeni wiki moja."

Wakampa wiki moja, akakaa moja kwa moja. Mathayo naye, ushirika ulipoacha kununua alizeti, alinunua mashine ya mkono ya kukamulia mafuta, akawa anakamua uani kwake na kuuzia wachuuzi wa barabarani. Maisha yakaenda. Dorika alikuwa na chumba chake kimoja chenye dirisha kubwa, hadubini yake aliyoifuta kila asubuhi kwa kitambaa ambacho hakuruhusu mtu akiguse, na stuli ndefu ambayo aliikalia utadhani kiti cha hakimu. Hakuwahi kupoteza kipimo hata kimoja, na kila mgeni aliambiwa hivyo kabla hajauliza.

Mwezi wa sita mwaka wa tisini na saba, mvua zikiwa zimekwisha na homa zimepamba moto, alifika daktari kijana wa Bukoba anayeitwa Anselm. Alikuwa mrefu, mpole, anasomea shahada ya juu Ulaya, na alikuja na vitu viwili vilivyowafanya watu wa hospitali wajazane dirishani. Cha kwanza ni mashine ya kuzungushia damu, ndogo kuliko ile ya hospitali lakini yenye kasi ya kutisha. Cha pili ni mtungi wa naitrojeni ya maji, ambao unagandisha kitu chochote kwa kupepesa jicho. Mtungi huo aliuazima mjini Singida kwa watu wa mifugo, ambao huutumia kutunzia mbegu za madume ya kisasa ya ng'ombe. Habari hiyo ilifika Misigiri kabla ya Anselm mwenyewe, na usiulize ilivyopokelewa.

Anselm alitaka damu ya watu wazima walioishi na malaria tangu utotoni. Dorika alidhani anatafuta vimelea, akaanza kutoa slaidi.

"Hapana, mama," alisema Anselm. "Natafuta vitu vinavyotolewa na chembe nyeupe. Kwa hadubini hii havionekani."

"Hadubini hii ina nini?"

"Haina kosa. Ni vyenyewe ndio vidogo mno. Ukivipanga mstari, elfu kumi vinaingia kwenye milimita moja. Vinahitaji hadubini nyingine, kubwa kama kabati, iko Ulaya."

Dorika alichukia kidogo kwa niaba ya hadubini yake, lakini udadisi ulimshinda. Akamsogezea kijana karatasi ya vipimo iliyoharibika, akamwambia achore. Anselm akachora duara, yaani chembe nyeupe. Ndani ya duara akachora mfuko. Kisha akaonyesha jinsi ngozi ya ule mfuko inavyojikunja kuingia ndani, inabonyea, inajikaza shingo, inakatika, na kile kilichokatika kinakuwa kipeto kidogo kinachoelea ndani ya mfuko mkubwa. Kinajikunja kingine, na kingine, hadi mfuko unajaa vipeto. Hapo mfuko wote unasogea mpaka kwenye ngozi ya chembe, unaungana nayo, unafunguka kwa nje, na vipeto vyote vinamwagika kwenye damu na kuondoka zao.

"Vinabeba nini?" aliuliza Dorika.

"Chembe nyeupe ikimkamata adui, humkatakata, ikatundika vipande vyake kwenye ngozi yake ili wenzake wamwone. Na vipeto vinatoka na vipande hivyo hivyo. Zamani wataalamu walidhani ni takataka tu, kwamba chembe inafagia nyumba yake. Kuna chembe changa za damu nyekundu ambazo kweli hutupa vitu zisivyovihitaji kwa njia hiyo. Lakini mwaka jana tu watu wa Ulaya wameonyesha kuwa vipeto vya chembe nyeupe vinaweza kuamsha chembe nyingine zikapigane."

"Kwa hiyo ni barua."

"Labda ni barua. Ndicho ninachotaka kujua kwa watu wa hapa, kama waliozoea malaria wanazo nyingi zaidi."

Dorika aliichukua ile karatasi, akaitia mfukoni mwa koti. Miaka ishirini na mitano alikuwa akizihesabu chembe nyeupe kwa kidude cha kubonyeza, akiamini anazijua kama anavyowajua kuku wake, kumbe muda wote huo zilikuwa zinaandikiana na yeye hana habari. Alifurahi mno. Jioni alimsimulia Mathayo mpaka ugali ukapoa.

Mkutano wa kuwaomba watu wa Misigiri damu ulifanyika kwenye ghala la ushirika, ambalo siku hizo lilikuwa tupu kabisa, limebaki na harufu ya alizeti na mizani iliyopata kutu. Walikuja watu kama sitini. Anselm alisimama, akawasalimia vizuri, akaanza kueleza, na hapo hapo akaharibu. Alikuwa amefungua kamusi kutafuta jina la vile vipeto, kamusi ikampa neno, naye akalileta kama lilivyo.

"Katika damu yenu," alisema, "kuna malengelenge madogo sana."

Ghala lilivuma. Mwanamke mmoja, Anifa, mwenye kibanda chake cha chai njia panda na sauti isiyohitaji kipaza, alisimama.

"Daktari, malengelenge ndani ya damu? Kama ya tetekuwanga?"

"Si ya ugonjwa, mama, ni ya kawaida..."

"Lengelenge la kawaida ndio likoje?"

Mzee Abraham, baba yake mkubwa Mathayo, alikuwa amekaa mbele kabisa na fimbo yake. Yeye hakupiga kelele. "Kijana," alisema, "damu ya watu wa hapa umeiona lini hata ukajua ina malengelenge?"

Wanaume wawili wakaanza kuchukua kofia zao. Dorika, ambaye kwa heshima ya kuwa mkwe alikuwa amekaa nyuma na akina mama, aliona kazi inakufa mbele ya macho yake. Akajifunga kanga vizuri, akapita katikati ya watu mpaka mbele.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Huyu daktari amesomea mbali, Kiswahili kimemponyoka. Si malengelenge. Ni vipeto." Akawaeleza. Akasema mtu anayekwenda kusalimia ndugu zake hufunga karanga kipeto, mbegu kipeto, dawa kipeto, akapanga vyote kwenye kapu moja, na akifika mlangoni anapindua kapu nje, kila aliyepo anaokota chake. Chembe nyeupe inafanya hivyo hivyo, na katika kila kipeto inatia habari za adui. "Hakuna damu isiyo navyo. Vya mfalme vipo, vya mbuzi vipo. Huyu anataka kuona vya kwetu."

Watu wakatulia. Wanaume wawili wakashusha kofia. Mzee Abraham alimpima Dorika kwa macho kwanza, kwa sababu mkwe kusimama mbele ya wakwe zake na kusema hivyo si jambo dogo.

"Mtachukua mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja tu, baba."

"Na mkirudi?"

"Haturudi. Mimi nikirudi hapa kuomba damu, mniulize."

Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Kwenye karatasi za Anselm iliandikwa wazi kwamba mtu anaweza kuombwa tena. Lakini Dorika alikuwa Dorika, hajawahi kupoteza kipimo, na neno lilikuwa limeshatoka. Siku iliyofuata, pale pale ghalani, walitoa damu watu thelathini na wawili, Mzee Abraham akiwa wa saba, na Dorika aliwatoboa mwenyewe mmoja mmoja huku akiwatania ili wasitazame sindano.

Sasa kazi ya damu ile ilikuwa hivi. Unaizungusha kwanza, chembe zote zinashuka chini na juu yanabaki maji ya rangi ya samli. Vipeto vimo humo kwenye maji, kwa kuwa ni vyepesi mno kushuka. Unahamishia maji kwenye chupa nyingine, unazungusha tena kwa kasi zaidi, na chini inashuka doa dogo la mabaki. Unatunza ya juu, doa unatupa. Kisha unagandisha kwenye mtungi, mengine ni ya Ulaya. Mzunguko wa kwanza walifanya pamoja, Anselm na Dorika, ukaenda salama. Kabla ya kuanza wa pili, Anselm alitazama mtungi akaona naitrojeni inapungua, ikabidi aende mjini Singida kuiongeza.

"Tunza ya juu, mama," alimwambia akipanda gari. "Ya chini tupa."

"Umeshasema mara tatu. Nenda."

Dorika aliweka chupa kwenye mashine, akazungusha zote kwa mafungu, akazirudisha zimesimama kwenye kibao chake. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia muuguzi wa wodi ya wazazi akihema. Kuna mama amejifungua na damu haikatiki. Mume yupo tayari kutoa. Je, zinapatana?

Kupatanisha damu ni kazi ambayo Dorika aliifanya tangu ujana wake, na mwanzo wake ni kuosha chembe. Unazungusha, chembe zinashuka, unamwaga ya juu, unatia maji ya chumvi. Unazungusha tena, unamwaga ya juu. Na mara ya tatu tena. Mkono unapindua chupa, unaikung'uta, unairudisha. Kichwa kinawaza mgonjwa, mkono unakwenda wenyewe. Damu zilipatana, mume akatolewa damu, muuguzi akakimbia na mfuko ukiwa bado na joto. Yule mama alipona, na mtoto wake pia.

Dorika alinawa, akarudi kwenye kibao cha Misigiri. Muda wote huo masikio yake yalikuwa wodini, akisikiliza kama kuna atakayelia. Mkono ukaichukua chupa ya kwanza, ukaipindua juu ya ndoo ya dawa, ukaikung'uta, ukairudisha. Ukachukua ya pili. Ingekuwa ya tatu ndiyo iliyomshtua, stori hii isingekuwepo. Alifika ya thelathini na mbili. Alipoirudisha ya mwisho akatazama chini ya chupa, akaona doa dogo kama punje ya mtama, na juu yake hakuna kitu. Akatazama chupa zote. Kila moja ilikuwa na doa lake, na juu hakuna kitu.

Akaketi kwenye stuli. Alitazama ile ndoo, ambayo dawa yake huua kila kilichoingia, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, hata siku ya barua. Barua ile iliandikwa na wengine. Hii ilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, akiwa mzima na macho yake mawili.

Anselm alirudi jua likielekea kushuka, amefurahi, mtungi umejaa. Dorika hakumpa nafasi hata ya kuuteremsha.

"Nimemwaga," alisema.

"Umemwaga nini?"

"Ya juu. Zote."

Kijana hakumfokea. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu mirefu imenyooka. Alisema kwamba naitrojeni haitavuka wiki hiyo, na ndege yake ni Jumatatu. Kama haipatikani damu nyingine ndani ya siku tatu, mwaka wake mzima umekwenda na maji, na vipeto vya watu wa Misigiri havitajulikana na mtu.

"Tutarudi kuwaomba," alisema Dorika.

"Wewe ndiye uliyewaambia mara moja tu." Anselm alijifuta uso. "Tufanye hivi, mama. Tuwaambie tumeona kitu kizuri sana, tunataka kuhakikisha. Watafurahi. Hakuna anayeumia."

"Mimi nitaumia."

"Basi waambie kuhusu yule mama wa wodini. Ulikuwa unaokoa mtu. Nani atakulaumu?"

"Yule mama hajamwaga kitu," alisema Dorika. "Usimtie kwenye ndoo yangu. Nilitoa neno kwa mdomo huu, na mdomo huu ndio utakaokwenda kusema umevunja. Wakikataa, wamekataa. Damu ni yao."

Anselm alimtazama. Alikuwa bado anaogopa, lakini hakubisha tena.

Nyumbani, Mathayo alisikiliza habari yote akiwa ameshika mpini wa mashine yake ya mafuta, bila kuuzungusha. "Baba mkubwa atakutafuna mbichi," alisema. Kesho yake jioni akaoga, akavaa shati lake la kanisani, akafuatana naye.

Ghala lilijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari zina miguu. Dorika alisimama pale pale aliposimama siku ile. Aliamkia wazee, wakaitikia.

"Nilisema mara moja tu," alisema. "Nilisema nikirudi kuomba damu mniulize. Nimerudi. Damu mliyotoa haikuharibika njiani wala haikuibiwa. Nimeimwaga mimi, kwa mkono huu. Nilitakiwa nitunze ya juu, nikaitupa kama takataka. Daktari hana kosa, hata hakuwepo."

Anifa alipiga makofi mara moja kwa mshangao.

"Yaani zote, Dorika?"

"Zote thelathini na mbili."

"Na yangu?"

"Na yako."

Hapo kelele zikaanza. Mmoja akasema damu imeuzwa mjini, siku hizi kila kitu kinauzwa. Mwingine akapaza sauti kutoka nyuma kwamba imetiwa kwenye ule mtungi wa ng'ombe, na mwakani watazaliwa ndama wanaosema Kinyiramba kama sisi. Watu wakacheka, hata Anselm akacheka kwa woga. Dorika alingoja wamalize.

"Daktari anaomba tena," alisema. "Ana siku mbili. Asiyetaka asitoe, na hospitalini hakuna atakayemtazama vibaya. Akiamka na homa aje, nitampima kama kawaida. Mimi sina la kuwaahidi safari hii. Niliahidi, mkaona."

Mzee Abraham aliinua fimbo kidogo, na ghala likanyamaza.

"Umemwaga wapi?"

Wengine walidhani hajasikia vizuri, lakini wazee wenzake walielewa mara moja, wakainama mbele kusikiliza. Watu wa umri wao, hata wakijikata na jembe shambani, hufukia damu kwa udongo kabla ya kufunga kidonda. Damu ya mtu haiachwi mahali pasipojulikana.

"Kwenye ndoo ya dawa, baba. Ndoo nikaibeba mwenyewe mpaka shimoni, nyuma ya maabara. Shimo lina kina cha watu wawili, lina mfuniko na uzio. Nikafunika kwa majivu."

"Ulibeba mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nataka kuliona," alisema Mzee Abraham, akasimama, na mkutano ukawa umekwisha bila mtu kusema ndiyo au hapana.

Asubuhi alifika hospitalini amepakiwa kwenye baiskeli ya Mathayo. Nyuma yake walikuja watu kumi na tisa kwa miguu, Anifa akiwa mbele. Anselm alitoka nje kuwalaki, lakini mzee alimpungia mkono apishe. Dorika alitangulia, akafungua lango la uzio, akavuta mfuniko. Harufu ya dawa ilipanda. Chini yalionekana majivu meupe, basi. Mzee Abraham alivua kofia, akasimama kwenye ukingo huku Mathayo amemshika kiwiko.

"Yangu ilikuwa chupa namba ngapi?"

"Namba saba, baba."

Mzee alielekeza fimbo kwenye majivu. Aliposema, hakuwa anasema na Dorika peke yake.

"Mwaka wa hamsini na nane walikuja na hema. Tukaambiwa ni malale, tukapanga foleni, wakatutoboa mimi na mama yenu. Mwaka wa sabini na sita wakaja wengine, na gari, na karatasi kama hizi. Wakatutoboa tena. Mwaka uliofuata mama yenu akafa. Damu yake walikwenda kuifanyia nini, mimi sijui. Walikuta nini ndani yake, sijui. Walipomaliza waliitupa wapi, mpaka leo sijui. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Wewe ni wa kwanza kurudi."

"Mimi nimerudi kwa sababu niliharibu, baba," alisema Dorika.

"Wale hawakuharibu?"

Mzee alivaa kofia yake, akageuka, akaanza kutembea taratibu kuelekea maabara, akikunja mkono wa shati anavyokwenda. Alipofika aliketi kwenye stuli ndefu bila kuuliza ni ya nani, akanyoosha mkono juu ya meza.

Dorika alimfunga mpira juu ya kiwiko. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi, wala hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Alipapasa, akaupata mshipa kwa sindano ya kwanza, damu ikapanda kwenye chupa. Akaandika namba saba, akaisimamisha kwenye kibao, kisha akamwita Anifa.